Jogging ya mtaani Mwanza: mbona mama lishe, wapagazi na walinzi hawaji?

Mlima_Mabatini anauliza:

Wakuu, habari za jioni. Naomba mwongozo wa wanaojua mazoezi ya watu wazima wa kawaida, sio timu za ligi.

Kikundi ni cha jogging, kata ya Mabatini. Siku ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, tunatoka saa 11:30 alfajiri, mzunguko wa kama kilomita 8, viungo tunafanyia viwanja vya Furahisha. Kiingilio 10,000, fulana 15,000, mchango 2,000 kwa wiki. Taarifa zote zinapita kwenye kundi la WhatsApp.

Daftari lina majina 38: wanaume 31, wanawake 7. Safu ya kazi inasomeka walimu, watu wa ofisi, wenye maduka ya vipuri, wanachuo na mafundi wawili. Hakuna mama lishe hata mmoja, hakuna mpagazi, hakuna mlinzi, hakuna muuza dagaa, na mtaa umejaa hao hao. Waliovuka miaka 50 ni wawili.

Kuna wanaosema hao wengine hawahitaji, kazi zao zenyewe ni mazoezi. Ni kweli? Na kama si kweli, tubadilishe nini, maana mfuko wetu ni huu huu wa michango na mfadhili hatuna?

---

Kocha_wa_Raba:

Mkuu, anza na hesabu uliyoandika mwenyewe. 10,000 na 15,000 na 2,000 mara wiki nne ni 33,000 mwezi wa kwanza, na mtu bado hajanunua raba. Ongeza bonanza: nauli ya kwenda kualikwa Igoma au Buhongwa, soda, na mchango wa kuwaandalia wageni zamu yenu ikifika. Kila mtu mtaani anasema jogging ni bure. Kukimbia ni bure. Kuwa mwanachama ndiko kunakouzwa.

Halafu kuna ile orodha ya WhatsApp. Mhasibu anabandika majina, kila anayelipa anainakili na kuongeza alama ya tiki mbele ya jina lake, na kufika Ijumaa majina manne yanabaki matupu mbele ya watu 38. Mwenye jina tupu hatakuja Jumamosi kujieleza. Ataacha kimya kimya, nanyi mtaandika kwenye daftari kwamba "hana mwamko". Ondoeni hiyo orodha wiki hii hii. Mchango uwe wa hiari, uingie kwenye kopo lenye kufuli au moja kwa moja kwa mhasibu, na jumla tu ndiyo itangazwe. Fulana iwe ya anayetaka. Mkihitaji kupendeza kwenye picha, kubalianeni rangi: kila mtu avae nyeupe au bluu aliyonayo kabatini.

La pili ni saa. Mwanza iko magharibi ya Dar na saa zetu ni zile zile, kwa hiyo jua linatufikia nyuma yao kwa karibu nusu saa. Huku linachomoza kati ya saa 12:25 na saa 1 asubuhi kutegemea mwezi. Saa 11:30 ni usiku mtupu. Ratiba hiyo imebuniwa na mtu anayeingia ofisini saa 2 na asiyeogopa kutembea gizani peke yake, na ukichanganya masharti hayo mawili unapata daftari lako lilivyo: wanaume waajiriwa. Sogezeni iwe saa 12:45 na mtaona wanawake wanaongezeka hata kabla hamjagusa kitu kingine.

Ila saa 12:45 bado haimfai mama lishe. Muda huo supu iko jikoni na chapati zinageuzwa, wateja wake wanaanza kukaa saa 1. Mwanya wake ni baada ya chakula cha mchana, vyombo vikishaoshwa, kati ya saa 10 na saa 11:30 jioni kabla ya kwenda sokoni kununua vya kesho. Machinga ni kinyume chake: jioni ndiyo soko lake, asubuhi ana nafasi. Mlinzi wa usiku anaingia zamu saa 12 jioni, kwa hiyo kipindi cha saa 10 kinamfaa yeye pia. Mnahitaji vipindi viwili, asubuhi na jioni, na cha jioni kiwe kifupi, dakika 35 hadi 40, tena karibu na vibanda vyao. Msiwatembeze hadi Furahisha. Kutoka Mabatini hadi kule na kurudi ni muda ambao mwenye kibanda hana.

La tatu, kilomita 8 siku ya kwanza zinawafukuza wageni. Anayeanza aende hivi: wiki mbili za kwanza kutembea kwa haraka dakika 20 hadi 25. Wiki ya tatu na ya nne, kukimbia dakika 1 na kutembea dakika 2, mara 8. Wiki ya tano hadi ya nane, kukimbia 2 kutembea 2, mara 6 hadi 7. Baada ya hapo anaweza kushika dakika 15 mfululizo bila kusimama. Mwendo upimwe kwa mchakamchaka wenyewe: kiongozi akiimba, mstari uitikie. Kiitikio kikikatika au kikibaki kwa vijana watatu wa mbele, mmekwenda mbio mno, punguzeni. Na mtu mmoja mwenye nguvu abaki nyuma kabisa, asimpite yeyote. Wageni wengi huacha siku ile waliyoachwa nyuma peke yao njia panda.

Milima yetu ndiyo jimu, lakini itumieni kwa akili. Kupanda ngazi za mawe tembeeni. Kushuka ndiko kunakoumiza magoti, kwa sababu paja linabeba uzito wote huku likinyooka, kwa hiyo shukeni kwa hatua fupi na kwa kukata kona, msishuke moja kwa moja.

---

Fizio_Nyamagana:

Nijibu lile la "kazi yao ni mazoezi", kwa sababu nusu yake ni kweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayowaangusha.

Kweli yake ni hii. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya kiasi, au 75 hadi 150 za shughuli nzito, pamoja na mazoezi ya nguvu ya misuli angalau siku 2. Na linahesabu kila kitu: kazi, kutembea kwenda mahali, na mapumziko. Dodoso lao huuliza hayo matatu kila moja peke yake. Ndiyo maana nchi maskini mara nyingi huonekana zinajishughulisha kuliko tajiri. Makadirio yao ya 2022 ni kwamba asilimia 31 ya watu wazima duniani hawafikii kiwango, wanawake 34, wanaume 29. Ukimpima mpagazi wa soko la samaki la Mwaloni kwa dodoso hilo, Jumatatu saa 4 asubuhi ameshamaliza dakika zake za wiki.

Na ushahidi wa zamani kabisa wa jambo hili unatoka kazini. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake waliwalinganisha madereva na makonda wa mabasi ya ghorofa mbili ya London. Mshahara unakaribiana, gari ni lile lile, ila dereva amekaa siku nzima na konda anapanda na kushuka ngazi. Makonda walikuwa na ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva. (Konda wa daladala zetu anayening'inia mlangoni sijui tungemweka upande gani.)

Sasa nusu nyingine. Watafiti, hasa wa Denmark, wameonyesha kwamba kazi nzito haileti faida ile ile inayoletwa na mazoezi ya hiari, na kwa wanaume wa kazi ngumu wakati mwingine inaendana na vifo vya mapema. Sababu zinazotajwa unaziona kwa macho pale Mwaloni. Gunia linabebwa kwa saa 8, presha na mapigo ya moyo yanakaa juu siku nzima bila kushuka. Hakuna siku ya kupumzika kwa sababu malipo ni ya siku. Uzito anaamua mwenye mzigo, mbebaji hana kauli. Tena ni misuli ile ile kila siku: shingo, bega la upande mmoja, kiuno. Mazoezi ni kupandisha moyo kwa muda mfupi halafu kuupumzisha. Mpagazi anapata lile la kwanza bila la pili.

Kwa hiyo msimwalike mpagazi akimbie kilomita 8 zenu. Atakuja mara moja, Jumatatu ataumia kazini na kupoteza posho ya siku. Mpeni dakika 15, mara 2 au 3 kwa wiki, baada ya kazi, pale pale anapokaa kusubiri malipo:

Apige magoti na mikono chini, anyooshe mkono wa kulia na mguu wa kushoto pamoja, ashikilie sekunde 10, abadilishe. Mara 6 kila upande. Mgongo usizame. Akiwekewa chupa ya maji ya nusu lita kiunoni na ikaanguka, anayumba, apunguze urefu wa mguu.

Alale chali, magoti yakunjwe, ainue nyonga hadi mwili unyooke kutoka goti hadi bega, ashushe taratibu. Mara 12, raundi 2. Hili ni la makalio, ili kiuno kisibebe kazi yote peke yake.

Asimame mlangoni, mikono kwenye miimo, asogee mbele hadi kifua kivutike, sekunde 30 mara 2. Halafu shingo: sikio kuelekea bega, sekunde 20 kila upande, bila kuvuta kwa mkono.

Mwisho afundishwe kuinama kwa nyonga. Fimbo ndefu mgongoni iguse kisogo, katikati ya mabega na juu ya makalio. Akiinama na fimbo ikaachana na mojawapo, amekunja mgongo. Arudie hadi fimbo isitoke. Hilo moja tu likiingia kazini kwake lina thamani kuliko jogging ya mwezi.

Mlinzi ni kesi tofauti, yeye amekaa. Dakika 5 za kuzunguka eneo lake kila saa, kwa zamu ya saa 12, ni saa nzima ya kutembea na hajaacha lindo. Dereva wa bodaboda vivyo hivyo: akiwa kwenye foleni ya kijiweni afanye skwati 10 (kuchuchumaa na kuinuka) na kunyoosha mgongo kila anaporudi na abiria. Msimtoe kijiweni, atapoteza zamu yake.

Kabla ya yote, pimeni presha. Mashine ya mkononi ya kidijitali mnaweza kuchangia moja kwa kikundi. Mtu akae ametulia dakika 5, miguu chini, mkono usawa wa moyo, asiwe ametoka kunywa kahawa. Ikisoma 180/110 au zaidi, asianze, aende kituo cha afya. Mwenye maumivu ya kifua akitembea, aliyewahi kuzirai, mwenye kisukari anayechoma insulini, hao waulizwe pembeni, sio kwa kunyoosha mkono mbele ya wenzao. Mwenye kisukari abebe kitu cha sukari na akague nyayo zake kila akivua raba.

---

Mzee_wa_Kirumba:

Mnakuza mambo. Barabara ya Makongoro haina geti wala tiketi. Anayetaka kukimbia anakimbia. Watu wana muda wa kukaa kijiweni masaa mawili kubishana Simba na Yanga, wakose nusu saa ya viungo? Ni uvivu, tusiupambe.

---

Kocha_wa_Raba:

Mzee wangu, shikamoo. Hoja ya "ni bure, iko wazi" imeshajaribiwa mahali penye barabara nzuri kuliko zetu. Uingereza kuna mbio za Jumamosi asubuhi zinaitwa parkrun: zilianza Oktoba 2004 bustani ya Bushy Park, London, na wakimbiaji 13. Kilomita 5, hakuna kiingilio, hakuna sare, huhitaji hata kuwa na kasi. Zikaenea nchi nzima. Watafiti walipoangalia wanaokuja wanatoka mitaa gani, walikuta mitaa maskini inaleta watu wachache kuliko ya wenye nacho, hata pale ambapo umbali wa kufika uwanjani si kikwazo. Kwa hiyo kufuta bei peke yake hakutoshi, na kukaa karibu peke yake hakutoshi. Linabaki saa, uchovu, nguo, na swali la "pale nitamkuta nani wa kufanana na mimi".

Na yule wa kijiweni, Mzee, yuko kazini. Anasubiri kibarua kipite. Akiondoka nusu saa na gari la mzigo likaja, mwingine amechukua.

Barabara pia si za wote sawasawa. Bogotá, Kolombia, tangu 1974 wanafunga barabara kuu kila Jumapili, saa 1 asubuhi hadi saa 8 mchana, na watu wanatembea, wanakimbia, wanaendesha baiskeli. Kigali walianza siku ya bila magari mwaka 2016, na mle mle njiani watu hupimwa presha na sukari. Sisi tunakimbia ukingoni na daladala inatupigia honi. Mwanaume wa miaka 25 anaruka mtaro. Mama wa miaka 55 anabaki nyumbani, na hiyo utaiitaje uvivu?

---

Da_Kayenze:

Wamegusa wanawake juu juu, ngoja niseme yaliyobaki.

Usianzishe kikundi kipya cha wanawake. Nenda walipo tayari. Karibu kila mtaa una vicoba viwili au vitatu vinavyokaa siku na saa ile ile kila wiki. Ombeni dakika 20 kabla hisa hazijaanza kununuliwa. Sio baada: baada ya kikao kila mtu anakimbilia jiko. Katibu wa kicoba ndiye mlango wenu, mwenyekiti atakubali katibu akikubali. Na mwalimu wa kipindi hicho awe mwanamke, hata kama ujuzi wake ni wa wiki sita tu aliofundishwa na Kocha. Mume anayekataza "jogging na wanaume alfajiri" hakatazi kicoba.

Nguo. Sketi pana au dera lililofungwa kwa kanga kiunoni, suruali nyepesi ndani, mtandio ubanwe nyuma kwa pini usiingie machoni. Hakuna anayehitaji taiti. Kinachohitajika kweli na kisichosemwa ni sidiria inayobana. Mwenye matiti makubwa akikimbia bila hiyo anaumia na anaona aibu, halafu anasema "sipendi kukimbia". Kama hana, avae mbili, ya pili ikiwa ndogo kidogo juu ya ya kwanza, na atembee kwa haraka badala ya kukimbia. Faida ipo tele kwenye kutembea.

Raba za mtumba za soko la Mlango Mmoja zinatosha, ila mzipime. Bonyeza soli ya pembeni kwa dole gumba: ikibonyea na kurudi, iko hai, ikiwa ngumu kama tofali imekufa hata kama juu inang'aa. Ikunje: ikunjike kwenye vidole, ikikunjika katikati iache. Vuta soli na ngozi kwenye ncha, gundi iliyokauka hufunguka wiki ya kwanza ya mvua. Kiatu kiwe na nafasi ya upana wa dole gumba mbele ya kidole kirefu. Malapa na yeboyebo ni za viungo vya kusimama na kukaa tu, usiteremke nazo mlimani.

Watoto. Mwenye mtoto mchanga mgongoni anaweza kutembea na kufanya skwati nusu, ila asiruke wala kukimbia, shingo ya mtoto haijakaza. Wa miaka mitatu na zaidi wawekewe mkeka na mtu mmoja wa zamu. Zamu izunguke, na asiwe yule yule binti wa kazi kila wiki, maana naye ni mtu mzima anayekosa mazoezi. Hilo husahaulika sana.

Wa mialoni, Igombe na huku Kayenze, hesabu yao haiendi kwa Jumanne na Alhamisi. Inakwenda kwa mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mitumbwi ikirudi alfajiri akina mama wanaanika, wanageuza, wanaanua, na wingu likitanda wanakimbia kweli kweli, hiyo ndiyo mbio yao. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti dagaa, kazi inapungua kwa wiki moja hivi. Hapo ndipo wana nafasi. Wekeni mazoezi manne au matano kwenye siku za mbalamwezi, na siku za giza moja tu, fupi, ya kunyoosha kiuno na nyuma ya mapaja kwa sababu wanainama siku nzima. Mratibu anayewaandika "mahudhurio mabovu" kwa kalenda ya ofisini hajaelewa wanaishije.

Na msiwapeleke wala kuwashawishi kufanya mazoezi ya majini ufukweni. Kichocho kiko kwenye maji ya kina kifupi yenye majani na konokono, vijidudu hutoka kwa wingi jua likiwa kali kuelekea mchana, na hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Bwawa la kuogelea la hoteli kule Capri Point lina bei yake, ndiyo maana mji wenye ziwa lote hili una watu wazima wengi wasiojua kuogelea.

---

Mlima_Mabatini:

Aisee, asanteni. Orodha ya WhatsApp imetolewa leo. Maswali mawili ya mwisho: kiwanja cha jioni karibu na vibanda ni cha shule ya msingi, tunakipataje? Na baada ya miezi mitatu tutajuaje kama tumebadilika kweli, sio kujaa tu?

---

Faili_la_Kata:

Kiwanja. Barua ukurasa mmoja kwa mwalimu mkuu, ipitie kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata wagonge mihuri, nakala kwa afisa michezo wa halmashauri. Iseme siku, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya watu, nani anafunga geti, na kwamba mtafagia. Barua nyingi hukwama kwa sababu hazisemi saa ya kumaliza. Mwalimu mkuu anaogopa kikundi kitakachobaki na spika hadi usiku. Angalieni pia mpaka: Mabatini iko Nyamagana, Jiji la Mwanza, lakini Furahisha iko Kirumba, Manispaa ya Ilemela. Ni halmashauri mbili, afisa michezo wawili. Barua ya Furahisha ikipelekwa Jiji itakaa huko. Mkitumia barabara kwa wingi toeni taarifa polisi mapema. Mkitaka kuwa klabu kamili yenye katiba na mashindano, usajili ni wa Baraza la Michezo la Taifa, na njia huanzia kwa afisa michezo huyo huyo.

Hela ya asilimia 10 ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu) ni mikopo ya vikundi vya kiuchumi. Msiiombee fulana, mtapoteza muda. Kinachoweza kuwasaidia bila hela ni Jumamosi ya pili ya mwezi, iliyotangazwa siku ya mazoezi kwenye kampeni aliyoizindua Samia Suluhu Hassan Desemba 2016, wakati huo akiwa Makamu wa Rais. Siku hiyo kuomba wapimaji wa presha kutoka kituo cha afya ni rahisi zaidi.

Kupima. Kuhesabu vichwa kutawadanganya. Mnaweza kutoka 38 hadi 70 na wote wakawa walimu. Ongezeni safu nne kwenye daftari: jinsia, rika (18 hadi 34, 35 hadi 49, 50 na zaidi), kazi kwa neno moja, na kipindi alichokuja. Msiandike kipato, hakuna atakayesema kweli na wengine wataondoka. Kisha kila wiki ya nne hesabuni vitu viwili tu: wangapi ni wapya kutoka kazi zilizokosekana, na wangapi kati yao wamerudi angalau mara 4. Anayekuja mara moja amewatembelea tu. Walioacha waulizwe na mtu wa kazi ile ile, mama lishe amuulize mama lishe. Mkimtuma mwenyekiti ataambiwa "nilikuwa nauguza".

Na hamkutaja wenye ulemavu. Njia ya ngazi za mawe imeshawafungia. Kiwanja cha shule kikiwa tambarare, mwenye kiti cha magurudumu anafanya sehemu ya mikono na kifua sawa na wengine, mkimpa nafasi ya mbele kwenye udongo mgumu, sio kwenye mchanga wa golini. Mwenye ualbino jua la saa 10 bado ni kali kwake: mpeni upande wa kivuli, kofia ya ukingo mpana, mikono mirefu, au aje kipindi cha asubuhi. Asiyesikia asimame mahali anapomwona kiongozi, na kiongozi asionyeshe zoezi akiwa amewapa mgongo.

---

Mlima_Mabatini:

Na mvua? Masika kipindi cha jioni si kitakufa?

---

Kocha_wa_Raba:

Kitakufa mkikisimamisha. Ombeni veranda au darasa moja kwenye barua ile ile, mapema, sio siku ya mvua. Ndani: kutembea papo hapo magoti juu dakika 3, skwati za kukaa na kuinuka kwenye dawati mara 10, pushapu za ukutani mara 10, kupanda na kushuka kizingiti dakika 2, pumzika dakika 1, rudia mara 3. Zinakuwa kama dakika 20 hadi 25 bila kulowa. Wa asubuhi wasipite kando ya Mto Mirongo mvua ikiwa imenyesha usiku, unajaa haraka na mitaro haionekani. Mawe ya mlimani nayo yakilowa huteleza hadi jua lipige, siku hiyo zungukeni kiwanja. Na mabadiliko ya kipindi yaandikwe kwa chaki kwenye ubao wa kibanda cha mama lishe, kwa sababu nusu ya mnaowataka hawana bando.